Donge la Kooni na Hukumu ya Jina

Kiswahili kina neno lililo tayari kwa hali hii: donge. Mtu hushikwa na donge kooni kwa majonzi, kwa ghadhabu aliyoizuia, au pasi na sababu aijuayo. Humeza mate, donge halishuki. Hunywa maji, yakapita bila kizuizi, nalo likabaki pale pale. Aghalabu mlo humpa nafuu, ilhali kumeza mate matupu humzidishia. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili waganga wamejaribu kukifumbua kitendawili hicho, na majibu yao yanaonyesha jinsi jina la maradhi linavyoweza kumhukumu mgonjwa kabla hajachunguzwa.

Katika maandishi ya kale ya Kigiriki yaliyokusanywa chini ya jina la Hippocrates, kukabwa kwa mwanamke kulielezwa kuwa ni kazi ya mji wa mimba. Ukikauka na kuwa mwepesi, ulidhaniwa kupanda juu na kuziba njia ya pumzi. Plato naye, katika Timaeus, aliusawiri kama kiumbe hai chenye kiu ya uzazi kinachotangatanga mwilini. Tiba ilifuata imani hiyo: mgonjwa alinusishwa vitu vyenye uvundo, na kwa chini akafukizwa manukato, ili mji wa mimba uukimbie uvundo na kuifuata harufu nzuri. Soranus wa Ephesus, tabibu wa karne ya 2, aliikataa dhana hiyo, akisema kuwa mji wa mimba si mnyama atokaye pangoni. Hata hivyo jina lilidumu. Kutokana na hystera, neno la Kigiriki lenye maana ya mji wa mimba, likazaliwa hysteria.

Elimu hiyo ilipita pia katika Kiarabu. Ibn Sina (980–1037), katika al-Qanun fi al-Tibb, aliyaeleza maradhi yaitwayo ikhtinaq al-rahim, yaani kusongwa kutokana na mji wa mimba, ambayo athari zake hufika moyoni na ubongoni. Rahim hiyo ina shina moja na rehema tuijuayo sisi. Lakini rehema haikuwa fungu la kila mwanamke aliyepewa jina hilo.

Mwaka 1602 jijini London, msichana wa miaka 14, Mary Glover, alishikwa na vifafa, koo likamkaba na sauti ikamkatika. Mwanamke mzee, Elizabeth Jackson, alishitakiwa kwa kumroga. Tabibu Edward Jorden alishuhudia mahakamani kuwa yale yalikuwa maradhi ya kimaumbile, si uchawi, lakini hakimu hakumsikiliza, na mzee yule akatiwa hatiani. Mwaka uliofuata Jorden alichapisha kitabu chake juu ya kukabwa kwa mji wa mimba. Alimtetea mshitakiwa kwa hoja ya kimaumbile, ila hoja yenyewe ililiacha kosa ndani ya mwili wa mwanamke. Miaka michache baadaye, Shakespeare alimfanya Mfalme Lear, mwanamume na baba, alalamikie maradhi yayo hayo yakimpanda kifuani. Mtunzi aliona kwamba uchungu wa kudharauliwa na wana humkaba hata asiye na mji wa mimba.

Mwaka 1707 tabibu John Purcell alilitafuta donge shingoni kwenyewe, akasema kuwa misuli ya mbele ya shingo hukaza na kulibana gegedu la koromeo. Maelezo hayo yalikaribia ukweli kuliko yote yaliyotangulia, lakini hayakulifuta jina la zamani. Hata Sigmund Freud, katika kitabu alichokitoa pamoja na Josef Breuer mwaka 1895, alimweka chini ya jina hilo mwanafunzi wa uimbaji aliyemwita Rosalia H., ambaye sauti yake ilikuwa ikibanwa kooni. Freud alieleza kuwa binti huyo aliishi katika nyumba yenye dhuluma, akalazimika kumeza maneno na hasira yake.

Mwaka 1968 tabibu wa Uingereza, K. G. Malcomson, alipendekeza jina jipya, globus pharyngis, yaani donge la koo, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawakuwa na hysteria yoyote. Mwaka 1980 neno hysteria liliondolewa katika orodha ya maradhi ya akili ya madaktari wa Marekani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watu waliohesabiwa kuwa wazima walikwisha kulihisi donge hilo, wanaume kwa wanawake.

Leo hakuna anayedai kuwa chanzo ni kimoja. Huenda ikawa asidi ya tumbo inayopanda, msuli wa mlango wa umio uliokaza, koo lenye hisi kali mno, wasiwasi, au msiba. Tabibu mwangalifu husikiliza, hupapasa shingo, na ikihitajika huchungulia koo. Asipoona dhara, humweleza mgonjwa kwa utulivu, na maelezo hayo peke yake huwapunguzia wengi mzigo. Mwenye kiungulia hutibiwa kiungulia, naye huacha kula karibu na saa ya kulala. Badala ya kujikohoza kila mara, hupiga funda dogo la maji. Na mazoezi ya sauti, ya kupiga miayo na ya kulegeza shingo husaidia. Lakini chakula kikikwama, kumeza kukiuma, uzito ukipungua, sauti ikikauka kwa zaidi ya wiki 3, damu ikitoka, au uvimbe ukipapasika shingoni, hilo si donge la kungojwa. Hospitali haina budi.

Kiswahili nacho hakijatakasika. Tusemapo kuwa fulani ana donge, twamtuhumu kijicho na kinyongo. Basi asemaye kuwa donge limemkaa kooni hujihatarisha kusikika kama hasidi, na wapo wanaonyamaza kwa hofu hiyo. Wagiriki waliutupia lawama mji wa mimba. Sisi tusije tukautupia moyo. La kumwuliza mgonjwa ni lini lilianza, na je, chakula kinapita?