Maji moto ya ardhini: Si lazima ufike Japani

MKAZI wa Sotik anayetamani kujiburudisha kwa maji yaliyopashwa moto na ardhi yenyewe hana haja ya kuvuka bahari.

Japani ndiyo yenye sifa. Nyumba zake za wageni za kitamaduni, ziitwazo ryokan, huelekeza maji ya chemchemi hadi kwenye mabwawa ya kuogea. Zile za kifahari katika miji ya pwani kama Atami humwezesha mgeni kuitazama bahari akiwa majini. Mgeni hujisugua kwa sabuni na kujisuuza kwanza, ndipo aingie bwawani bila nguo.

Sotik imo katika nyanda za juu za chai, magharibi mwa Bonde la Ufa. Maji moto hububujika kwa wingi chini bondeni, ambako ardhi ilipasuka na joto likakaribia uso wake.

Barabara ya Bomet, Narok na Mai Mahiu humfikisha msafiri Naivasha. Huko Olkaria, katika Mbuga ya Hell's Gate, kampuni ya KenGen ina bwawa la kuogelea linalopata maji kutoka visima vya mvuke wa kuzalisha umeme. Maji hayo hupoozwa kwanza.

Hata hivyo, si kila chemchemi ni ya kuogea. Kando ya Ziwa Bogoria, Baringo, maji hukaribia kuchemka, na wageni huchemshia mayai humo. Anayeteleza na kutumbukia huungua vibaya. Wazazi hushauriwa kuwashika watoto mkono.