Bomba, Rejeta na Bamba: Historia ya Kupoza Kompyuta kwa Maji na Majina ya Vifaa Vyake

Mpwa wangu mmoja, aliyekuwa akijiandaa kuunda kwa mara ya kwanza mfumo wa kupoza kwa maji kompyuta yake ya michezo, aliniletea karatasi za maelekezo zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Katika karatasi hizo pampu iliitwa bomba, na mrija nao uliitwa bomba. Shaba nyekundu iliitwa shaba, na shaba ya njano iliitwa shaba. Kuhusu kuchanganya madini palikuwa na onyo moja tu: kwamba mtu ajihadhari na kutu. Kijana, akijua kama tujuavyo sote kwamba alumini haipati kutu, alikwisha kununua rejeta ya alumini. Makala haya yameandikwa kwa sababu ya rejeta hiyo.

Maji hayakuanza kupoza kompyuta katika vyumba vya vijana. Mwaka 1967, mwaka ule ule Baraza letu lilipoundwa kwa sheria ya Bunge, kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kuwafikishia wateja mashine yake ya System/360 Model 91, ambayo joto lake liliondolewa kwa hewa na maji kwa pamoja. Sababu ni nyepesi kueleza. Kwa ujazo ulio sawa na kwa ongezeko lile lile la joto, maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Mwaka 1980 kampuni hiyo ilitangaza mashine ya 3081, ambayo chipu zake zaidi ya 100 zilikusanywa katika kasha moja lililojazwa gesi ya heli. Kila chipu iliguswa na pistoni ndogo ya alumini, na juu ya kasha lilikaa bamba lililopitisha maji baridi. Wahandisi waliliita kwa jina linalomaanisha hasa "bamba baridi". Naomba msomaji alikumbuke jina hilo, maana tutalirudia.

Seymour Cray alishika njia nyingine. Kompyuta yake ya Cray-2, ya mwaka 1985, ilizamishwa nzima katika kiowevu kisichopitisha umeme. Lakini katikati ya miaka ya 1990 aina mpya ya chipu, yenye kutumia umeme mchache zaidi, iliyaondoa maji katika mashine nyingi kubwa, na feni zikatosha. Maji yalirejea baadaye. Kwa mfano, IBM iliyatumia tena katika mashine ya Power 575 ya mwaka 2008.

Wakati maji yakiondoka kwa wakubwa, wadogo waliyaokota. Mwaka 1998 ilitoka prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A, na wachezaji wakagundua kwamba kwa kubadili mpangilio mmoja tu katika ubao mkuu, kasi yake hupanda kutoka megahezi 300 hadi 450. Waliotaka zaidi ya hapo waliongeza volti, na joto likaongezeka pamoja na kelele za feni. Hapo ndipo mafundi wa nyumbani, hasa wa Marekani na Ulaya, walipoanza kuokoteza vifaa. Pampu ilitoka katika tangi la samaki wa mapambo. Rejeta ilitoka katika gari. Si ile kubwa ya mbele, bali ile ndogo ambayo katika nchi za baridi hupasha joto ndani ya gari, na ambayo dereva wa Tanga au Mombasa anaweza kumaliza maisha yake bila kuihitaji. Mpira ulitoka dukani kwa fundi bomba. Kitu kimoja tu hakikuwa na duka: kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji ndani yake. Hicho walikichonga wenyewe kwa keekee.

Historia hii ina maana kwetu sisi tunaoshughulika na istilahi. Karibu kila kifaa katika mfumo huu kilitoka katika kazi nyingine yenye mafundi wake, na mafundi hao, hapa kwetu pia, wana majina yake tayari. Anayekaa mezani kubuni jina jipya la rejeta anajisumbua. Gereji zote zinalijua. Kazi ya mwanaistilahi iko kwingine, yaani pale ambapo jina moja limebeba vitu viwili.

Tuanze na bomba. Neno hili tulilipata kwa Wareno, na kwao maana yake ni pampu. Sisi tumelipanua: bomba la baiskeli husukuma hewa, bomba la maji hupitisha maji tu. Katika maisha ya kila siku hatukosani, kwa kuwa hakuna ajazaye tairi kwa maji ya bomba. Katika mfumo wa kompyuta vyote viwili vipo, tena vimeungana, na agizo la kwamba "bomba liwe chini ya tangi" lina maana ya lazima kwa pampu na halina maana yoyote kwa mrija. Pampu ikiwashwa bila maji huharibika. Ndiyo sababu tangi hutangulia, maji yakaingia kwenye pampu kwa uzito wake yenyewe. Napendekeza kisukumacho kiwe pampu, kipitishacho kiwe mrija, na bomba tumwachie fundi wake.

Fundi huyo tunamhitaji bado, kwa ajili ya hesi. Viungio vingi vya mifumo hii vina hesi iitwayo robo inchi. Mnunuzi mgeni akiipima kwa rula hupata milimita 13 na zaidi kidogo, naye hudhani ameibiwa, kwani robo inchi ni milimita 6.35. Hakuibiwa. Asili ya hesi hiyo ni kazi ya Joseph Whitworth, Mwingereza aliyependekeza mwaka 1841 kwamba karakana zote zitumie hesi za kipimo kimoja, na katika hesi za mabomba kipimo kinachotajwa kilitokana na uwazi wa ndani wa bomba. Fundi bomba yeyote wa Dar es Salaam anajua kwamba kiungio cha nusu inchi kina hesi ya karibu milimita 21, na hashangai. Mrija, kwa upande wake, hutajwa kwa vipimo viwili, kama 10 kwa 13 au 10 kwa 16, yaani uwazi wa ndani na upana wa nje kwa milimita. Kiungio kisipolingana na vyote viwili kitavuja.

Kile kipande kilichokosa duka ndicho kilichokosa jina pia. Wapo wanaotafsiri neno kwa neno na kukiita "tofali la maji", jina ambalo lingefaa barafu. Mimi nawafuata wahandisi wa mwaka 1980: bamba la kupoza. Na liwe la kupoza, si la kupooza. Bamba linalopooza ni lile ambalo pampu yake imekufa.

Sasa madini. Shaba nyekundu na alumini zikikutana katika maji yapitishayo umeme hufanya betri, kwa kanuni ile ile ambayo Alessandro Volta aliionyesha mwaka 1800, na alumini ndiyo huliwa. Hii si kutu. Kutu ni ya chuma, ina rangi yake, na kila mtu anaijua kwa macho. Vitabu vya kemia hutumia neno ulikaji, nalo ndilo lilipaswa kuwa katika karatasi zile. Fundi wa magari atapinga kwamba injini huchanganya madini na kudumu miaka. Ni kweli, kwa sababu maji ya rejeta yake hutiwa dawa ya kuzuia ulikaji na hubadilishwa kwa wakati. Anayeanza asijiingize humo: bamba likiwa la shaba nyekundu, rejeta nayo iwe ya shaba, nyekundu au ya njano, na viungio viwe vya shaba ya njano iliyopakwa nikeli.

Kuhusu ukubwa wa mfumo sina mengi ya kusema. Prosesa ya Core i9-14900K huruhusiwa kufika wati 253, na kadi ya michoro ya RTX 4090 wati 450. Jumla ni wati 700 hivi. Maji yakipita kwa lita 4 kwa dakika, yataongezeka joto kwa nyuzi mbili na nusu tu katika mzunguko mzima, hivyo kipi kitangulie kati ya prosesa na kadi si jambo la kugombania. Rejeta ndiyo ya kugombania, maana haiwezi kuyapoza maji chini ya joto la chumba, na chumba cha pwani chenye nyuzi 32 si chumba cha Stockholm.

Limebaki neno moja ambalo sikulitatua pamoja na mpwa wangu, nalo nalileta mbele ya wasomaji. Mfumo hujazwa maji safi yasiyo na chumvi. Nilipomtuma kuyatafuta alirudi na swali: muuzaji anauliza, ni maji ya betri yapi? Kwani nimelisikia jina hilo likitumika kwa maji ya kuongezea betri, na pia kwa tindikali yenyewe. Maji yaliyokenekwa ni jina sahihi, lakini dukani hakuna aliyelielewa.