Wanawake wa Biblia katika sanaa ya Wakristo wa mwanzo

Wanawake wa Biblia katika sanaa ya Wakristo wa mwanzo huonekana katika michoro ya ukutani, nakshi za majeneza ya mawe na mozaiki za kuanzia karne ya 3. Katika nyanda za Iringa na Mbeya, urithi huo ulifika kupitia misheni, hasa kwa picha za Bikira Maria.

Mifano ya kale

Michoro ya awali ilihusu ubatizo na maziko. Chumba cha ubatizo cha Dura-Europos, Syria, kilichochorwa karibu na mwaka 240, kina mwanamke anayeteka maji kisimani, ambaye kwa kawaida hutambuliwa kuwa Msamaria aliyezungumza na Yesu. Michoro hiyo sasa imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mjini Roma, katakombu (makaburi ya chini ya ardhi) ya Prisila inamwonyesha Susana wa Kitabu cha Danieli akisingiziwa na wazee. Ile ya Marselino na Petro ina mwanamke aliyetokwa na damu akigusa vazi la Yesu. Waliochaguliwa ni wale waliookolewa hatarini au kuponywa, kwa kuwa marehemu na mbatizwa walitumaini kupata vivyo hivyo.

Maria apewa nafasi ya kwanza

Mama aliyempakata mtoto yumo pia katika katakombu ya Prisila. Hata hivyo, ni baada ya Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 kumthibitisha Maria kuwa Mama wa Mungu ndipo mozaiki za Santa Maria Maggiore, zilizotengenezwa wakati wa Papa Sisto III (432–440), zilipomvika mavazi ya kifahari. Sara na Raheli wamo humo pia, lakini kwenye kuta za pembeni.

Iringa na Mbeya

Wabenedikto kutoka Ujerumani walianzisha misheni ya Tosamaganga, karibu na Iringa, katika miaka ya 1890. Mwaka 1919 walikuja Wamisionari wa Konsolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na padre Yosefu Allamano. Jina lao latokana na picha ya Maria na Mtoto iliyo katika patakatifu pa Torino, ambapo Allamano alikuwa mkuu. Sikukuu ya Maria Konsolata ni Juni 20.

Rungwe, mkoani Mbeya, Wamoravian walifika mwaka 1891. Kanisa lao halina desturi ya kuheshimu picha za watakatifu, hivyo waumini walimjua Msamaria wa kisimani kwa kusoma Biblia, mahubiri na nyimbo.