Wapagazi wa Unyanyembe katika Mabaraza ya Wanachuo

Ntalikwa ni kata moja ya Manispaa ya Tabora, katika nchi ya kale ya Unyanyembe. Ndiyo nchi waliyoifikia Burton na Speke tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani, wakakuta Waarabu wamekwisha kujenga matembe na kupanda bustani. Watu wa nchi hii, pamoja na jamaa zao wa Unyamwezi yote, walichukua pembe kwenda Bagamoyo na nguo kurudi bara, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, hata reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912. Hayo hayana ubishi. Wenye elimu wamebishana juu ya jambo jingine: watu wale walikuwa watumwa, au walikuwa watu wa ujira? Twataka kueleza jinsi swali hilo lilivyopita katika mabaraza ya wanachuo, kwa kuwa ni swali la heshima ya babu zetu, nalo limejibiwa mbali nasi.

Baraza hilo wanachuo huliita semina. Mmoja huandika makala juu ya jambo alilolichungua, na nakala hupelekwa kwa wenzake mapema. Siku ya kukutana huyaeleza kwa ufupi, kisha huulizwa: Umejuaje? Nani amekwambia? Mwingine asemaje? Makala yasiyostahimili maswali hayo hurudi kwa mwenyewe. Wanyamwezi wa zamani wasingeona ajabu. Vijiji vyao vilikuwa na iwanza, nyumba ya mazungumzo ya wanaume, ambamo mgeni alipokewa, na msafiri alieleza habari za njia mbele ya watu waliokwisha kuipita njia ile ile. Twadhani mwongo hakupata raha humo.

Baraza la kwanza la namna hii kuishughulikia njia yetu halikuwa Afrika. Mwaka 1887 kilianzishwa Berlin chuo cha lugha za Mashariki, nacho Wajerumani walikiita kwa neno hilo hilo la semina. Mwalimu wake Carl Velten alikusanya maneno ya Waswahili wenyewe, akatoa Safari za Wasuaheli mwaka 1901 na Desturi za Wasuaheli mwaka 1903. Katika jarida la chuo, Heinrich Brode akachapisha mwaka 1902 na 1903 maisha ya Hamed bin Muhammad, aitwaye Tippu Tip, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Huyu hakuwa mgeni wa Tabora, maana babaye alioa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Katika habari zake wapagazi wa Kinyamwezi huajiriwa, na wasiporidhika hutoroka. Katika chuo hicho alifundisha pia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi ni kazi yake, ingawa jina lililotangulia kitabuni ni la Velten. Mwanachuo wetu alikuwamo barazani tangu mwanzo, basi, lakini kitini pa msaidizi.

Baada ya Wajerumani jambo hili lilinyamaza kwa muda mrefu. Padre Bösch aliandika juu ya Wanyamwezi kwa Kifaransa mwaka 1930, na R. G. Abrahams alikaa kati yao tangu 1957 hata 1960, akatoa vitabu viwili mwaka 1967, vilivyohusu zaidi utawala na desturi. Habari za upagazi zilianza kuchambuliwa vema baada ya kufunguliwa kwa chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1961. Walimu wa historia wa huko walikataa kwamba historia ya Afrika ni habari za wageni waliopita. Wakawatuma wanafunzi kuwauliza wazee, kama walivyofanya mwaka 1968 juu ya vita vya Maji Maji. Mwaka huo huo kilitoka kitabu cha historia ya nchi saba za Tanzania kabla ya mwaka 1900, ambamo Andrew Roberts aliandika habari za Wanyamwezi. Mwaka 1970 akaongeza makala juu ya biashara yao, akionyesha kwamba Wanyamwezi hawakungoja Waarabu wawafunulie njia: walishuka pwani wao wenyewe na pembe zao.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ushahidi ulikuwapo zamani. Burton, ambaye hakuwa na mapenzi makubwa kwa watu wa nchi hizi, aliandika mwaka 1860 kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ni kipimo cha uanaume. Mtumwa hapimwi uanaume kwa kazi ya kulazimishwa. Lakini waliopigana na biashara ya watumwa walieneza habari za mtumwa achukuaye pembe, ili vyote viwili viuzwe pwani, na habari hiyo ikawa nzito kuliko maneno ya shahidi.

Mwaka 2006 ubishi ulirudi kwa nguvu. Stephen Rockel alitoa kitabu kizima juu ya wapagazi, akawaeleza kuwa wafanyakazi wa ujira, wenye kupatana mshahara na posho, na wenye kugoma. Mwaka ule ule Tanzania iliandikisha njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, Kwihara ikiwamo, kwa jina la njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe. Neno mpagazi halimo katika jina hilo. Ubishi huu umeingia hata katika jina la Bagamoyo: wengine wasema ni mtumwa aliyebwaga moyo kwa kukata tamaa, wengine wasema ni mpagazi aliyebwaga moyo kwa kutua mzigo. Sisi twaegemea upande wa mpagazi.

Wala tusijipendelee. Watumwa walipita njia hii kweli, tena katika mwaka huo huo wa 2006 Jan-Georg Deutsch alitoa kitabu juu ya utumwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, na Unyamwezi imo. Roberts naye alikwisha kuonyesha kwamba watumwa walilima Unyamwezi wakati waume walipokuwa safarini. Mpagazi aliye huru aliweza kurudi na mali, akanunua mtu. Neno hili ni chungu, na ndilo tunaloliheshimu zaidi katika kazi za semina, kwa kuwa barazani kwa jamaa hulisikii kwa urahisi.

Kasoro moja haijaondoka. Mpagazi, safari, posho, kirangozi, hongo: maneno yote ambayo bila hayo makala hayo hayaandikiki ni ya Kiswahili, lakini sentensi inayoyabeba ni ya Kiingereza. Haisemwi kwamba Kiswahili hakiwezi. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, ikafundisha kwa Kiswahili tangu hapo; na mwaka 1983 vilichapishwa vitabu vya makala ya semina ya kimataifa ya waandishi wa Kiswahili, vyenye hoja na mabishano kama ya lugha yoyote. Historia haikufuata njia hiyo. Mzee aliyeulizwa hawezi kusoma alivyonukuliwa, wala kusema, Hapo umekosea, bwana.

Mji wa Tabora umepata chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Mkuu Mihayo. Mtu wa Ntalikwa aweza kufika huko na kurudi kwake siku ile ile. Kama makala juu ya upagazi yangesomwa hapo kwa Kiswahili, swali ambalo tungependa litangulie ni hili la mashamba: mume alipokuwa njiani miezi mingi, nani alishika jembe nyumbani, mkewe au mtu aliyenunuliwa, na wajukuu wa huyo aliyenunuliwa waitwaje leo?