Kufuru ya Torati, Msalaba wa Roma

Katika Injili ya Marko, Kuhani Mkuu anamuuliza Yesu kama yeye ndiye Masihi. Akisha kujibiwa, anararua mavazi yake na kutangaza kwamba kufuru imesikika, na Baraza zima linaamua kuwa mshtakiwa anastahili kufa. Kesho yake Yesu yuko msalabani. Kwa kuwa mambo haya yanafuatana, wengi wameamini kwamba hukumu ya kwanza ndiyo iliyozaa adhabu ya pili. Sheria zenyewe hazionyeshi hivyo. Sura ya 24 ya Mambo ya Walawi inaagiza mwenye kukufuru apigwe mawe. Torati inazungumzia pia kutundika mtini, lakini anayetundikwa ni mtu aliyekwisha kuuawa. Kumsulubisha mtu akiwa hai, katika Yudea ya karne ya kwanza, kulikuwa adhabu ya Warumi.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba hata kufuru haikuwapo. Wanaitegemea Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika mnamo mwaka 200, unaosema kwamba mtu hana hatia ya kufuru mpaka alitamke Jina la Mungu lenyewe. Humo tunaoneshwa namna kesi inavyofungwa: watu wanatolewa nje, shahidi mkuu anaambiwa arudie waziwazi alichosikia, na mahakimu wanasimama na kurarua nguo zao, wasizishone tena. Yesu wa Marko halitamki Jina. Hata anapomtaja Mungu anasema Nguvu. Hoja hiyo inavutia, ila Mishna ilikusanywa zaidi ya miaka 150 baada ya Kayafa, Kuhani Mkuu wa wakati huo, na hatuwezi kumpima kwa kanuni ambazo huenda hakuzijua. Mimi nakubali kwamba Baraza liliweza kuona kufuru kwa dhati. Ninachokataa ni kwamba Pilato, liwali wa Kirumi, alimsulubisha mtu kwa kosa hilo.

Pingamizi lenye uzito linatoka Injili ya Yohana, ambamo viongozi wanamwambia liwali kwamba hawana ruhusa ya kuua mtu. Kama ni hivyo, je, Roma haikuwa ikitekeleza tu hukumu yao? Mwanahistoria Myahudi Flavius Josephus anatupa kesi mbili za kulinganisha. Mwaka 62, liwali mmoja akiwa amefariki na mrithi wake Albinus yungali njiani, Kuhani Mkuu Ananus aliitumia nafasi hiyo kumhukumu Yakobo, ndugu yake Yesu, kwa kuvunja sheria. Yakobo alipigwa mawe, na Ananus akapoteza cheo chake. Wakati huohuo mkulima mmoja, Yesu mwana wa Anania, alianza kupiga kelele za ole juu ya Yerusalemu na Hekalu. Viongozi walimpeleka kwa Albinus, akachapwa mijeledi hadi mifupa ikaonekana. Liwali alimuuliza yeye ni nani na ametoka wapi, akamwona mwendawazimu, akamwachilia. Viongozi walimleta, lakini liwali ndiye aliyeamua, na kwa kipimo chake.

Luka analijua hilo. Mbele ya Pilato neno kufuru halisikiki kabisa: mashtaka ni kupotosha taifa, kuzuia kodi ya Kaisari na kujiita mfalme. Anwani iliyowekwa msalabani ilimtaja kuwa mfalme wa Wayahudi, na hilo, kwa liwali mwenye kulinda mji uliofurika watu wa Pasaka, lilikuwa uasi. Ni jambo la kusikitisha mno kwamba kwa karne nyingi hukumu ya Pilato ilibebeshwa taifa zima la Wayahudi, wakateswa na kuuawa kwa ajili yake. Kanisa Katoliki lilikana rasmi hatia hiyo ya pamoja mwaka 1965, katika tamko la Nostra Aetate. Tamko hilo halikuficha kwamba wakuu wa Kiyahudi na wafuasi wao walishinikiza kifo hicho. Lilikataa tu kwamba Wayahudi wote wa wakati ule, au wa leo, wabebeshwe lawama.