Ridhaa, Idhini na Kisu cha Mwanafunzi

Paka jike amelazwa ubavu, ubavu wa kushoto umenyolewa kipande cha upana wa kiganja. Anatolewa kizazi. Aliyeshika kisu ni mwanafunzi. Upande wa pili wa meza amesimama daktari wa wanyama, glavu mikononi, macho hayabanduki kwenye ngozi ile. Ndivyo kanuni za Uingereza zinavyotaka. Asubuhi yake, mwenye paka alitia saini fomu. Je, alitoa idhini au ridhaa?

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na wengi huyatumia kana kwamba ni mamoja. Lakini idhini huombwa kwa mwenye mamlaka: idhini ya kujenga, idhini ya kusafiri. Hugongwa mhuri, yakaisha. Ridhaa ni ndugu ya radhi na kuridhika. Makao yake ni moyoni. Mtu huweza kutoa idhini na moyo wake haujaridhia. Kwa hiyo, kule kukubali kwa mtu aliyekwisha kuelezwa mambo yote, mimi nakuita *ridhaa baada ya maelezo*. Wapo wasemao "ridhaa yenye taarifa", lakini mwenye taarifa ni mtu, si ridhaa. Na hilo "baada ya" lina kazi: linakataza saini kutangulia.

Maelezo yenyewe ni ya tiba, hatari zake, njia nyingine zilizopo na gharama. Tena, nani atakayepasua. Paka hana kinywa cha kuuliza hilo, basi mwenyewe aambiwe hata kama hakuuliza.

Neno linalonipa kazi zaidi ni usimamizi. Chini ya Sheria ya Madaktari wa Wanyama ya 1966, Waingereza wamepanga ngazi tatu. Kumpima mnyama, mwanafunzi hufanya kwa maelekezo ya daktari, ambaye si lazima awepo. Kumpa tiba, daktari awe katika jengo hilo hilo, akiitwa afike. Kupasua, daktari awepo mwenyewe muda wote, asishughulike na jingine. Sisi ngazi hizi zote tunazimwagia neno moja, usimamizi! Asili yake ni kusimama, ila limechakaa: msimamizi wa mirathi hasimami popote, na msimamizi wa shamba huweza kukaa mjini mwezi mzima. Mwenye paka akisoma "chini ya usimamizi", hajui daktari yuko mezani au yuko chumba cha pili anakunywa chai.

Ngazi ya kwanza naiita maelekezo, ya pili usimamizi, ya tatu *usimamizi wa ana kwa ana usiokatizwa*. Ni refu, nakiri, na kwenye fomu ningeliacha kabisa, niandike: "Paka wako atapasuliwa na mwanafunzi. Daktari atakuwa mezani naye tangu ngozi inapochanwa hadi mshono wa mwisho. Unaweza kukataa, na daktari atapasua mwenyewe." Kisha ndipo mstari wa saini.