Laptopu mpya: namna ya kuzoea butoni F1 mpaka F12

Mutu akinunua laptopu mpya kisha ya miaka mingi na mashini ya zamani, kitu cha kwanza kinachomushangaza mara mingi ni mustari wa juu wa klavye. Anafinya F2 ndani ya Excel kusudi asahihishe selule, sauti inashuka. Anafinya F5 kusudi aonyeshe PowerPoint siku ya kutetea TFC yake mbele ya juri, mwangaza wa ekrani unapungua. Wengi wanafikiri mashini imeharibika ao waliuziwa ya bandia, wanaikimbiza kwa fundi. Lakini mara mingi hakuna kilichokufa. Ni kiwanda kilipanga klavye vile, na mwenye mashini anaweza kuipanga upya yeye mwenyewe bila kutoa hata franka moja.

Butoni moja, kazi mbili

Butoni za F ziko za tangu zamani. Kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka wa 1981 ilikuwa na 10, zilizopangwa upande wa kushoto wa klavye. Kisha zikafika 12 na zikapandishwa juu, pale ziko mpaka leo. Kila programu inazipa kazi yake.

Laptopu zilipokuja, nafasi ilikuwa ndogo. Viwanda vikaweka kazi ya pili juu ya butoni zile zile: sauti, mwangaza, mikro, Wi-Fi. Njo maana kila butoni iko na picha ndogo pembeni ya herufi F. Butoni Fn, ya chini upande wa kushoto, ndiyo inachagua kati ya kazi hizo mbili.

Kwenye mashini za zamani, F ilikuwa ya kwanza, na picha iliomba Fn. Kwenye mashini mingi za leo ni kinyume: picha ni ya kwanza, na F inaomba Fn. Hata Alt+F4, ya kufunga programu, inakuwa Alt+Fn+F4.

Kwa kujua mashini yako iko upande gani, chagua fishie moja ndani ya Windows na ufinye F2. Kama jina la fishie linafunguka ili uliandike upya, F ndiyo ya kwanza. Kama ni sauti ao mwangaza unaobadilika, picha ndiyo ya kwanza.

Kwa mutu wa biro, F inaokoa wakati

Mutu anayetazama filme tu hatapoteza kitu. Lakini kwa wale wanaopiga mashini kwenye sekretaria, wahasibu na wanafunzi, butoni hizi ni kazi ya kila siku:

- F2: kubadilisha jina la fishie, ao kusahihisha selule ya Excel.
- F4: ndani ya Excel, kuweka alama ya dola kwenye fomula, ili selule isihame wakati wa kukopi.
- F5: kuanzisha PowerPoint, ao kufungua upya ukurasa wa intaneti.
- F7: kutafuta makosa ya maandishi ndani ya Word.
- F11: kujaza ekrani yote na ukurasa wa intaneti.
- F12: ndani ya Word, kuhifadhi kazi kwa jina lingine.

Namna ya kugeuza

Anza na njia nyepesi. Tazama butoni Esc. Kama iko na picha ya kufuli ao maandishi FnLk, finya Fn na Esc pamoja, mara moja. Mashini mingi za Lenovo, Dell na Asus zinakubali njia hii. Ukirudilia, inarudi kama zamani.

Kama haikubali, inaomba kuingia ndani ya BIOS, yaani mipango ya mashini yenyewe, mbele Windows haijafunguka. Usizime tu, chagua kuwasha upya. Kwenye HP mingi, finya Esc mara kwa mara mashini inapowaka, kisha F10. Tafuta «Action Keys Mode» na uweke «Disabled». Kwenye Acer mingi, ni F2, kisha «Function key behavior». Hifadhi, toka. Kwenye Mac hakuna BIOS ya namna hiyo: fungua mipango ya klavye na uruhusu F1, F2 na zingine zifanye kazi ya kawaida.

Ndani ya BIOS, gusa mustari huo mumoja tu. Usiweke neno la siri ambalo utasahau. Na kama mashini inakuomba kusasisha BIOS, hiyo ni kazi nyingine kabisa: umeme ukikatika katikati na betri haina moto, mashini inaweza kukataa kuwaka. Ifanye betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa ndani.

Magonjwa ambayo hayako magonjwa

Picha hizo zinaleta pia hofu zingine. Intaneti ikikatika kwa ghafula, angalia kama butoni ya ndege haikufinywa. Kama mutu anarekodi ao yuko kwenye mukutano wa video na hasikiki, tafuta picha ya mikro yenye kukatwa mustari; taa ndogo ikiwaka pale, mara mingi inamaanisha mikro imefungwa. Kama panya ya vidole haitembei, iko mashini zenye butoni ya kuifunga. Finya tena butoni ile ile, peke yake ao pamoja na Fn, mbele ya kutoa pesa kwa fundi.

Mbele ya kununua

Mashini zinazofika kutoka Kampala ao Dubai mara mingi ziko na klavye ya Kiingereza, herufi hazifuatane kama kwenye ile ya Kifaransa. Mustari wa F hauna tofauti hiyo: F1 mpaka F12 zinafuatana vile vile. Ukiwa bado mbele ya muuzaji, jaribu F2, jaribu Fn na Esc, jaribu sauti na mikro. Butoni ambayo haifanye kitu chochote, si kwa Fn wala bila Fn, hiyo njo ya kuuliza muuzaji.